Nane Hadi Kumi na Mbili

Aicha alikuwa na wiki saba, na katika wiki hizo saba hakuna mtu aliyelala vizuri ndani ya nyumba ya Mama Aziza. Tusitafute maneno matamu: mtoto alikuwa analia. Ananyonya saa mbili usiku, analala, saa nne yuko macho. Ananyonya tena, analala, saa sita yuko macho. Ikifika saa tisa hataki kulala wala kuamka, anataka titi likae tu mdomoni, na ukilitoa anapiga kelele mpaka mbwa wa jirani anajibu. Mama yake, Mounira, alikuwa binti wa miaka ishirini na huyo ndiye mtoto wake wa kwanza. Mchana alikuwa anasinzia amesimama jikoni, mwiko mkononi, sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, ikishika chini ya sufuria.

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili, na ukuta wa katikati haukufika kwenye bati, kwa hiyo kilio cha chumba kimoja kilikuwa cha vyote. Upande mmoja alilala Mama Aziza, mama mkwe, mjane aliyelea watoto saba. Upande wa pili walilala Mounira na mume wake Djuma, ambaye kazi yake ilikuwa kubeba watu kwa pikipiki kutoka Kasongo hadi Wamaza, na wateja wa dhahabu mpaka Salamabila. Aliondoka saa kumi na moja alfajiri, na ile barabara haina huruma na mwenye usingizi. Jumatatu moja alifumba macho kidogo tu, pikipiki ikaingia kwenye tope, yeye, mteja, na gunia la mchele la mteja. Hakuna aliyeumia. Lakini mteja alimwambia mbele za watu arudi akalale kwa mama yake, na Djuma akarudi nyumbani na tope kavu mpaka masikioni, hasira imejaa na hana wa kumpa.

"Mama Aicha," alimwambia mke wake, "kesho uende kwenye kilo. Uulize juu ya nini huyu mutoto halali."

Kilo ni ile siku ya kupima watoto uzito kwenye kituo cha afya. Mounira alikwenda, akakaa kwenye mstari tangu asubuhi, na alipofika mbele kwa muuguzi Consolée jua lilikuwa tayari juu ya vichwa. Watoto sitini siku hiyo, na kila mmoja analia kwa sauti yake. Aicha alipimwa akawa na kilo nne na gramu mia sita, na Consolée akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mutoto wa kunyonya anaamuka usiku," alisema huku anaandika kwenye kadi ya mtoto. "Tumbo yake ni sawa na ngumi yake, angalia, ni kidogo vile. Maziwa ya mama inapita mbio. Umupe kila wakati anataka, muchana na usiku. À la demande, njo vile tunaita. Usimupe maji, usimupe uji. Nimekuandikia hapa, ukisahau mutu akusomee."

Mounira aliishia darasa la nne, na Kifaransa hakukijua, lakini maneno yale aliyashika yote. Alirudi nyumbani amefurahi, maana alikuwa amekwenda akihofia kuambiwa kwamba maziwa yake ni mabaya.

*

Jioni Djuma alishika ile kadi, akaisogeza karibu na taa. Alikuwa amefika mwaka wa tatu wa sekondari, na pale nyumbani hiyo ilitosha kumfanya msomaji wa kila karatasi iliyovuka kizingiti, iwe barua, iwe maandishi ya kwenye chupa ya dawa. Mstari wa chini ulikuwa mfupi: *Tétées : 8–12, jour et nuit.*

"Iko wazi," alisema. "Kunyonya: nane mpaka kumi na mbili, muchana na usiku. Muchana ananyonya kuanzia saa nane mpaka saa kumi na mbili. Usiku vilevile, saa nane mpaka saa kumi na mbili. Ile saa ingine anapumuzika, na sisi tunapumuzika."

"Hakusema vile," Mounira alisema. "Alisema kila wakati anataka. Alisema alademande."

Djuma alicheka, mara ya kwanza tangu tope la Jumatatu. "Demande ni barua ya kuomba, inaandikwa kwa bureau, Mama Aicha. Mimi niliandika demande ya kazi, mwaka wa pili huu sijajibiwa. Sasa Aicha anaandika demande?"

Mama Aziza, aliyekuwa anapeta mchele, alicheka mpaka akaweka ungo chini. Kisha akafuta macho na kuuliza swali ambalo lingeweza kuwarudisha kwa Consolée. "Lakini wale wa kituo wanaandika Kifaransa. Haiwezi kuwa saa ya Kizungu?"

"Hapana, mama. Saa ya Kizungu wanatia h nyuma ya namba. Angalia, hakuna h. Hii ni saa yetu."

Herufi h ikamaliza mambo. Mama Aziza hakusoma, na mbele ya herufi alikuwa mtu mwoga. Moyoni alijua kwamba watoto wake saba hawakulelewa kwa saa, kila aliyelia alipewa titi, na wote walikua. Lakini alikuwa amechoka kuitwa mama wa zamani, na zaidi ya hapo alikuwa amechoka tu, kwa usingizi, kama wengine wote.

"Baba Aicha, mimi nilikuwa pale," Mounira alisema tena, kwa sauti ya chini.

"Ulikuwa pale, lakini hujalala wiki saba. Masikio ya mutu mwenye usingizi inasikia vibaya. Karatasi haina usingizi."

Mounira akaitazama kadi. Utamjibu nini mtu aliyeshika karatasi nawe huwezi kuisoma? Djuma alichukua simu yake, akaweka kengele ya saa nane usiku, akaitundika kwenye msumari juu ya kitanda.

*

Usiku wa kwanza Aicha aliamka saa nne kama kawaida yake. Alitafuta titi kwa mdomo, kichwa kikienda huku na huku kwenye kifua cha mama yake, na alipolikosa akaanza kulia. Mounira alimbeba, akamtembeza hatua nne kwenda mlangoni na hatua nne kurudi, kwa maana chumba hakikuwa na zaidi. Saa tano, saa sita. Maziwa yalikuwa yanamtoka yenyewe kila mtoto alipopandisha sauti, yakalowesha kikwembe alichojifunga kifuani, yakamtiririka mpaka tumboni. Djuma alijifunika mto kichwani.

"Atazoea," alisema kutoka chini ya mto. "Siku tatu, ine, atazoea."

Kengele ilipolia, Mounira alikuwa tayari amekaa ukingoni mwa kitanda, nguo imefunguliwa. Aicha alinyonya kwa pupa akapaliwa, akakohoa, akalia, akanyonya tena. Ilipofika saa kumi na mbili Mama Aziza aligonga ukuta kwa kidole, na Mounira akamtoa mtoto kwenye titi kama mtu anayejing'oa ukucha.

Usiku wa nne alishindwa. Akangoja pumzi za Djuma ziwe nzito, akambeba mtoto mpaka jikoni uani, akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akampa. Hakuna raha aliyowahi kuijua maishani inayofanana na ile, kumsikia akimeza gizani. Hakumaliza hata titi moja. Mwanga wa tochi ulimwangukia usoni, na nyuma ya tochi alisimama mama mkwe wake.

"Ni saa ngapi?"

"Saa tano, mama."

"Sasa wewe njo unaharibu kila kitu. Tunamufundisha, na wewe unamufundisha wizi."

Mama Aziza alimchukua mtoto, mdomo wake bado una maziwa, na tangu usiku huo Aicha akawa analala upande wa pili wa ukuta mpaka kengele ilie. Huyu mama hakuwa katili, na nisingependa umfikirie hivyo. Alimwimbia mjukuu wake mpaka sauti ikamkauka. Alimpa maji ya sukari kwa kijiko, na siku ya sita akampa uji mwembamba wa mahindi, Aicha akautapika wote. Alifanya vyote isipokuwa kile kimoja ambacho mtoto alikuwa anakiomba.

Mounira alilala chali upande wake, anasikiliza juu ya ukuta. Aliwachukia. Alimchukia mume wake aliyekoroma, alimchukia yule mama na nyimbo zake, kisha aliona aibu kwa chuki hiyo, maana mama yake mzazi kule Kabambare alimwonya kwamba ukweni mtu anameza. Akameza. Lakini mchana, alipokwenda kuchota maji, jirani mmoja alimuuliza mbele ya wenzake kama nyumbani kwao wanachinja mtoto kila usiku. Wanawake wakacheka. Mounira alijitwika ndoo na kuondoka, maji yakimwagika mgongoni, na hakurudi kuchota ya pili.

Kuanzia siku ya saba maziwa hayakulowesha tena kikwembe. Matiti yaliyokuwa yanauma kwa kujaa yakawa laini. Aliyabinya peke yake chooni, akaona matone machache tu. Hakumwambia mtu. Angesema nini, kwamba yanakauka? Wangesema ndiyo, tulijua, maziwa yake yalikuwa mabaya tangu mwanzo.

*

Usiku wa tisa Aicha hakulia.

Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Djuma alilala usingizi wa mtu aliyelipwa deni la miezi. Jirani akalala, mbwa wake akalala. Mounira peke yake alikuwa macho, amejiinua kwa kiwiko, anangoja kilio alichokichukia. Mara mbili alishusha miguu chini aende, mara mbili akairudisha, kwa kuwa aliogopa tochi. Kengele ilipolia alikuwa tayari upande wa pili.

"Pole pole," Mama Aziza alinong'ona gizani, na sauti yake ilikuwa na furaha. "Muache alale. Umeona? Usiku muzima, hata sauti. Amezoea."

"Mama, washa tochi."

"Utamuamusha."

"Washa tochi, mama."

Kitambaa cha mtoto kilikuwa kikavu, kikavu vilevile kama walivyomfunga jioni. Midomo ilikuwa imepasuka. Utosi wake, pale ambapo panapaswa kudunda laini, ulikuwa umeingia ndani kama alama ya dole gumba kwenye unga. Mounira alimwingizia titi mdomoni na mdomo haukushika. Alimkuna nyayo, akamwita jina. Aicha alifumbua macho nusu, akamtazama mama yake kama anayemtazama mtu wa mbali, akayafumba. Mama Aziza aliyaona macho hayo. Akawa mama wa watoto saba tena, dakika ileile, akasema tu "Yarabi". Alichovya kidole kwenye maji akamlowesha mtoto midomo, na kwa kuwa kituo hakikufunguliwa kabla ya alfajiri, wakabadilishana kumshika kifuani asipoe, mpaka waliposikia Djuma anaamka kutoa pikipiki.

Nje Djuma alikuwa anafunga mzigo wa mteja, mnunuzi wa dhahabu mwenye koti, aliyetakiwa afike Salamabila siku hiyohiyo. Injini ilikuwa inanguruma tayari. Mounira alitoka bila viatu, mtoto kifuani, akasimama mbele ya gurudumu.

"Mushushe huyu bwana," alisema. "Utatubeba sisi."

"Mama Aicha, kuna nini? Usiku huu amelala—"

"Hajalala. Amechoka kulia. Mushushe."

Mteja alisema amekwisha kutoa neno lake kwamba atafika leo, na kuna wenye pikipiki wengi wangefurahi kumbeba. Djuma alimtazama mteja, akamtazama mke wake. Hakuwahi kumwona hivyo. Aliyemjua ni mke anayesema mara moja, ukimkatalia anasema kwa sauti ya chini, kisha ananyamaza. Halafu akamtazama mtoto, na mikono yake ikaanza yenyewe kufungua kamba za mzigo.

*

Consolée alikuwa anafungua mlango wa kituo walipofika. Hakuuliza mengi. Aliweka mtoto kwenye mizani: kilo nne na gramu mia moja. Aliangalia kadi, akaangalia mizani, akapima mara ya pili. Akamkalisha Mounira kwenye kitanda, akampa kikombe safi, akamwonyesha jinsi ya kukamua kwa mkono, taratibu, kutoka juu kwenda chini. Yalitoka matone, kisha matone yakawa mstari mwembamba. Walimdondoshea Aicha mdomoni kwa kijiko, kidogo kidogo, saa nzima. Mara ya kwanza yalirudi nje. Mara ya kumi alimeza.

"Anaharisha?" Consolée aliuliza huku akishika kijiko. "Homa? Munamupa nini nyumbani?"

"Tulifuata kadi," Djuma alisema. Alikuwa amesimama karibu na mlango, kofia ya pikipiki mkononi. "Saa nane mpaka saa kumi na mbili, muchana. Saa nane mpaka saa kumi na mbili, usiku. Hatukupita hata dakika."

Consolée aliacha kijiko hewani.

"Saa gani?"

"Ile uliandika. Nane mpaka kumi na mbili."

"Ni mara," alisema Consolée. "Si saa. Mara. Mara nane mpaka mara kumi na mbili, kwa siku yote, na usiku iko ndani."

Djuma alifungua mdomo, na kwa muda alionekana kama atataja ile h. Hakuitaja. Alikaa chini hapohapo, kwenye saruji, kofia kati ya magoti.

Consolée naye alikuwa ameshika kadi kwa mikono miwili. Ulikuwa mwandiko wake. Alikumbuka siku ile, watoto sitini, kalamu inayokata wino, neno moja aliloliacha ili amalize mstari upesi. Alikuwa ameliacha kwenye kadi ngapi? Alitoka mpaka barazani, ambako akina mama wa siku hiyo walikuwa wameanza kukaa, akawauliza mmoja mmoja kwao walisoma kadi namna gani. Mmoja aitwaye Régina alijibu kwamba kwao kadi haisomwi, iko kwenye sanduku pamoja na nguo za Pasaka, na wenzake wakacheka. Mwingine, mwembamba, aliyekaa mwisho wa benchi, hakucheka. Alikuwa anamtazama mtoto wake usingizini. Consolée akaenda akachuchumaa mbele yake, akafunua uso wa mtoto huyo.

*

Aicha na mama yake walilazwa kituoni. Mama Aziza alifika mchana na sufuria ya uji wa Mounira, uji mzito wenye karanga, akaukoroga mwenyewe, akamshikia bakuli anywe huku akikamua kwa mikono yote miwili. Hakuomba msamaha kwa mdomo. Alisema tu, akiangalia sakafu, "Mimi nililea saba," akakwama hapo, na Mounira hakumsaidia kumaliza.

Jioni Aicha alishika titi. Alishika kwa udhaifu, akaachia, akashika. Consolée alisema hiyo inatosha kwa leo, maziwa yatarudi kadiri mtoto anavyoyaita, na usiku ndipo yanapopenda kurudi. Alisema pia kwamba hawezi kuahidi kitu mpaka asubuhi. Alilisema hilo la mwisho kwa upole, lakini alilisema.

Usiku taa ya chumba cha wagonjwa ilizimwa. Vitanda vitano, na mtoto kwenye kila kitanda. Djuma alikaa sakafuni, mgongo ukutani, simu imezimwa mfukoni. Hakulala. Wengine walipotulia alisema, kwa sauti ya kumfikia mke wake peke yake:

"Siku ile alikuambia nini? Uniambie yote."

Mounira hakumgeukia. "Alisema nimupe kila wakati anataka. Muchana na usiku."

"Na nini tena?"

"Nisimupe maji. Nisimupe uji. Njo yote." Akamvuta mtoto karibu. "Nilikuambia, Baba Aicha. Nilikuambia mbele ya taa, mara mbili."

"Uliniambia."

"Nilikuwa pale."

"Ulikuwa pale," alisema Djuma. Alitaka kuongeza kitu, labda kuhusu usingizi, labda kuhusu barabara, lakini kila alichokishika kilikuwa chepesi mno, akakiacha. Mounira alikuwa anajua kwamba hatamsamehe usiku huo, na pengine wala si mwezi huo, na kulijua hilo kulimpa utulivu wa ajabu. Aliweka kiganja juu ya mgongo wa mtoto, akahesabu pumzi, akapotea kwenye hesabu, akaanza upya.

Hakujua ni saa ngapi. Aicha alijikunja, akageuza kichwa huku na huku kwenye kifua chake, akatafuta. Mounira alikuwa bado anafungua nguo wakati sauti ilipotoka, kwanza nyembamba na yenye kukwaruza, halafu ikapata nguvu, halafu ikajaza chumba kizima mpaka kwenye dari. Watoto wengine wawili wakaamka na kujibu. Kitanda cha pili mama mmoja aligeuka, akavuta kikwembe juu ya masikio, akasema kwa uchovu wa mtu aliyelala dakika kumi:

"Mama, mutoto wako hatatuacha kulala."

"Ndiyo, mama," Mounira alisema, na machozi yalikuwa yanamwingia mdomoni. "Hatawaacha."